Tulilipia Farasi

Farasi hakupatikana Dodoma nzima.
Punda walikuwepo, wa kubeba maji, wengi kuliko wateja,
lakini mama wa bwana harusi alisema hapana,
basi kijana akaja na bajaji
iliyovishwa maua ya njano hata dereva haoni kioo cha pembeni,
matarumbeta ya kukodi yakimtangulia Barabara ya Saba.

Wageni wanne kwenye viti vya mbele wakatazamana.
Mmoja akakunjua ratiba yake:
"Tulilipia farasi."

Hiten, kaka wa bibi harusi, ndiye aliyeviuza vile viti.
Dola mia na hamsini kimoja,
chakula ndani, hina ndani, sari ya kuazima ndani.
Simlaumu. Naijua bei ya samli mwaka huu.
Na sisi wengine tusijifanye watakatifu:
nina kopo zima la kadi za michango nyumbani,
za watu ambao tukipishana soko la Majengo hatusalimiani.
Nimelipa singo, nimelipa dabo,
nimekula pilau ya maharusi nisiowajua majina
na kucheza mpaka kisigino cha kiatu kikabaki ukumbini.

Ila hapa sikulipa.
Mimi ni Foibe, fundi wa barazani;
miaka kumi na tisa cherehani yangu inatazama mlango wa duka la Pravin.
Kirti nilimshonea sare ya darasa la kwanza,
nikaacha upindo mpana, maana watoto hurefuka.
Blauzi ya leo, nyekundu, nimeiachia upindo pia.
Mkono tu, mazoea.

Asubuhi niliitwa kuwafunga wageni sari.
Mama mmoja mrefu, mgongo umebabuka jua la mbugani,
alisimama kimya kama mtoto anayepimwa.
Nikamkunjia, nikamzungushia, nikambana kwa pini kumi na moja.
Akauliza, kwa Kiswahili cha kitabuni:
"Na wewe, umelipa kiasi gani?"
Ya kumi na mbili nilikuwa nimeibana mdomoni.
Nikaishukuru.

Hakuwa mtu mbaya. Walipouzunguka moto
alilia, alilia kweli,
asijue anamlilia nani.

Mwaka dada yangu Talita alipoolewa, kule Mvumi,
alikuja mtu na kamera ya miguu mitatu.
Talita akatolewa ndani amefunikwa,
mashangazi wanaimba, naye analia
kumwacha mama, kuacha mbuzi wake wenye majina,
kuacha mahali pake kwenye ngozi tuliyolalia.
Yule mtu akapunga mkono:
rudieni, jua lilikuwa nyuma.
Akatoa noti ya elfu kumi. Na mwaka ule ulikuwa wa njaa.
Wakamrudisha ndani. Wakamtoa tena.
Mara ya pili machozi hayakuja;
akajipaka mate.
Hiyo ndiyo picha tuliyotumiwa.
Ipo ukutani kwa mama hadi leo,
na kila anayeingia husema, tazama alivyokuwa analia.

Jioni, Kirti anaondoka.
Anachota mchele, anaurusha nyuma juu ya kichwa
bila kugeuka,
na Hansa, mama yake, ametandaza ncha ya sari aupokee.
Mwingine unaangukia vumbi.
Hapo nikasikia kiti kikisukumwa nyuma yangu,
na sauti, ya adabu kabisa, ikimwambia Hiten:
"Samahani. Anaweza kurudia?"

Hiten akamtazama dada yake.
Akafungua mdomo.

Nikaingia katikati, mimi na upana wangu wote,
nikapiga magoti mbele ya kamera,
nikashika pindo la sketi ya Kirti.
"Subirini," nikasema, "kuna pini imedondoka."

Hakukuwa na pini.
Nikaitafuta polepole,
punje ya mchele kwa punje ya mchele,
mpaka niliposikia bajaji imewaka.