Sababu ya Safari

Tumekaa mezani kwa Kwamboka, South B,
stima zimepotea tangu saa kumi na moja,
na visiwa vitatu vya Maldivi vinang'aa
kwenye simu ya Nekesa, chaji asilimia tisa.

Cha kwanza siku mbili, anasoma. Cha pili tatu. Cha tatu mbili.
Toka kisiwa hadi kisiwa ni ndege ndogo inayotua majini.
Chumba kimesimama baharini, sakafu ya kioo,
ukiamka usiku kwenda haja samaki wanakuchungulia.
"Hao samaki wataona mambo," asema Syombua,
na chai inamtoka puani.

Mimi ndimi mweka hazina, kwa hiyo sicheki.
Nina daftari, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia,
miaka kumi na minne ya mwandiko wangu:
mia tano, mia tano, elfu, mia tano,
hapa Nekesa hakutoa, Machi yote na Aprili,
hapa tulimzika mume wa Syombua, salio sufuri,
hapa tangi la maji, hapa karo, hapa karo, hapa karo.
Kila kitu nakipima kwa karo.
Usiku mmoja juu ya samaki
ni muhula mzima, na sare, na godoro la bweni.
Nimewaambia. Wamenyamaza.
Kisha Kwamboka: "Walimaliza shule, Mweka Hazina.
Hata kitinda mimba wako ana ndevu."

Jumamosi huwa tunaenda kujifunza kuogelea.
Julai, Nairobi, baridi ya kung'oa meno,
bwawa lina rangi ya bati,
na wanawake wanne wazima tumeng'ang'ania ukingo
kama nguo zilizoanikwa zikasahaulika.
Kocha ni kijana, pengine alikuwa chekechea
tulipokuwa tukichangiana sufuria.
"Legeeni, kina mama. Maji hayambebi aliyekakamaa."
Legeeni!
Nani alitufundisha hilo, na lini?
Syombua alijaribu. Alilala chali, macho kayafumba
kama anayengoja sindano,
akaelea, tukahesabu, moja hadi sita.
Kwenye saba akakumbuka jambo, akazama.
Hakutuambia ni jambo gani.

Sasa ni fomu ya hoteli. Asilimia nne.
Kuna chakula kinachokudhuru?
"Kwamboka hali omena." Huko hakuna omena.
"Andika tu."
Mto mgumu au laini?
Hakuna aliyewahi kutuuliza.
Tumejadili mito hadi mshumaa ukapinda.
Sababu ya safari, chagua moja:
fungate, kumbukumbu ya ndoa, siku ya kuzaliwa, nyingine.
"Fungate," asema Syombua, mjane,
na hatujui tucheke au tumshike mkono.
Nyingine, nasema mimi.
Ukigusa *nyingine* kinafunguka kisanduku:
Tafadhali eleza.

"Eleza mlango," asema Kwamboka,
"unaofungwa kwa ndani, na nje yake asiwepo
wa kuuliza, Mama, soksi zangu ziko wapi."
"Eleza sahani nisiyoiosha," asema Nekesa.
Syombua anakwangua nta mezani kwa ukucha.
Mimi napekua daftari, nyuma, mbele,
safu ya michango, safu ya mikopo, safu ya faini za kuchelewa,
natafuta safu ambayo sikuwahi kuichora.

"Haraka, Mweka Hazina, simu inakufa."
Nimeishika. Kidole kinatetemeka kama ni mtihani.
Nimeandika neno moja: *Tumelipa.*
Nikabonyeza, skrini ikazima.
Hatujui kama limefika.

Tumekaa. Jenereta ya jirani inakohoa.
Baadaye Kwamboka anauliza, polepole,
kama mtu aliyeamshwa usingizini:
"Mimi nilisema laini, ama nilisema mgumu?"