Nyuma Kushoto

Kilomita arobaini nje ya Mandalgovi
Uazi la marehemu kaka likaanza kugonga,
ngo, ngo,
kama mgeni asiyekubali kwamba hakuna mtu ndani.

Dulmaa, mjane wake, akalala chali changaraweni.
"Kishikio kimeng'oka. Shokapu inaning'inia."
Nikampa spana. Ufa ule niliuona
tangu theluji ilipoyeyuka, mwembamba, unywele tu,
nikanyamaza.

Tukaunganisha betri mbili, yetu na ya lori la mchunga ngamia.
Elektrodi ilikuwa moja, imepinda.
Akasugua kutu mpaka chuma kikatoa uso,
akafumba jicho moja nyuma ya kioo cheusi,
na jangwa zima likawa bluu.

Mshono una manundu, kama kovu la kisigino.
Akaugonga kwa nyundo. Ukajibu vizuri.
"Usiusifu," akasema. "Endesha."

Kwenye bonde la pili nikamwambia juu ya ufa.
"Niliuona pia."
Kimya. Mawe.
"Hata yeye aliuona. Alisema, tukirudi."

Kisha akateremsha kioo, upepo ukaingia na vumbi lake,
akatoa kichwa nje
kusikiliza.