Anguko la Tano

Nomino ya Kicheki huanguka mara saba.
Ndivyo wenyewe wanavyoziita hali zake: maanguko.
Neno huanguka, likainuka na mkia mwingine.
Anguko la tano ni la kuitia mtu.
Ukisema Hedvika, umemtaja tu, kama marehemu.
Sema Hedviko, ageuke.

Niliyajua haya nina miaka sita, mjini Cheb,
jikoni kwa bibi wa kulipwa,
mjane aliyenilea kwa ujira wa wiki
baba na mama wakiuza soksi sokoni, karibu na mpaka,
Wajerumani wakija Jumamosi kubeba sigara
na vibwengo vya plasta vya kupamba bustani.
Jina langu Quyên, alisema Hedvika, halina mpini.
Akanipa Klára.
Miaka ilipita ndipo nikaiona picha ukutani,
Klára wa kwanza: paka,
amelala juu ya redio.

Basi shuleni nikawa Kláro,
Kláro njoo ubaoni, Kláro futa.
Na nyumbani sikuwa hata na mimi.
Kivietinamu hakikupi mimi ya kusimama peke yake.
Kwa mama mimi ni con, mtoto.
Kwa kaka ni em, kwa mdogo wangu ni chị.
Kwanza tazama nani yuko mbele yako,
kisha ujue wewe ni nani.

Tasnifu niliiandika dukani kwa mjomba,
zamu ya usiku, kati ya bia na tambi za pakiti.
Sura ya tatu ilianza nyuma ya risiti.
Mlevi mmoja alinisomea ukurasa kwa sauti,
akasahihisha mkato.
Alikuwa sahihi.

Siku ya utetezi, Olomouc, mvua na viatu vya kuazima,
Profesa Vrbata alivua miwani.
"Unaongea Kicheki kizuri mno," alisema,
kwa upole wa mtu anayepima maji kwa kidole.
Nimezaliwa hospitali ambayo mkewe alikuwa nesi.
Nilitaka kumjibu: hata wewe, Profesa, hujambo.
Nikasema asante.
Hiyo asante bado iko hapa, kooni, kama mwiba wa samaki.

Sasa Jumanne na Alhamisi nafundisha Brno,
chumba cha viti vidogo, mchana ni cha chekechea.
Ganzorig, mchomelea vyuma kutoka Darkhan,
anapambana na ile r inayotetemeka na kuzomea kwa pamoja;
cheche zinamtoka mdomoni.
Lesya alikuwa mkunga Poltava, sasa hufunga mikate kiwandani.
Anaandika kila kitu, hata nikikohoa.

Na nyuma kabisa, magoti yamegusa kidevu,
mama yangu.
Kuna mtihani wa ukaazi. Baba hayupo tena wa kujaza fomu.
Miaka thelathini ameishi kwa tarakimu na rangi:
nyeusi, jozi tano, korona hamsini.
Hajawahi kumwita mtu.
Wateja huja wenyewe.

Leo tulifika la tano.
Nikaona mkono wake, ule wenye alama ya mkasi,
ukipanda taratibu.
Nikajiuliza ataniita nani.
Con hawezi, darasa zima linasikiliza.
Klára hajalitamka hata siku moja,
alijua habari za yule paka kabla yangu.

"Paní učitelko," alisema.
Bibi mwalimu. Mkia mahali pake, irabu safi,
kama aliyeufanyia mazoezi usiku kucha
juu ya sinki, maji yakiwa wazi nisisikie.
Ganzorig akapiga makofi.
Mimi niligeukia ubao, nikatafuta chaki iliyokuwa mkononi.

"Ndiyo?" nikauliza, kwa Kicheki.
Swali lake lilikuja kwa lugha yetu, kwa sauti,
mbele ya watu wote:
mtoto, umekula?