Gavana

Tulikinunua kwa Reijo, jirani mwenye msumeno usiolala:
kigari cha magurudumu manne, kimo chake mpaka gotini,
injini ya mashine ya kukatia nyasi,
rangi ya njano imebanduka kama ngozi iliyochomwa na jua.
Kielo alikuwa na miaka sita. Akakaa, akatosha,
akanguruma kwa mdomo wake mwenyewe
kabla sijatia petroli.

Mwaka wa tatu magoti yakagonga usukani.
Nikasema, kigari kimekuwa kidogo.
Akasema, mimi ndiye niliyekua, mama, usikisingizie.

Basi Novemba, Rauma imemezwa na giza tangu saa kumi jioni,
nikarudi kutoka bandarini nilikoshinda nikichomelea meli za watu,
nikavaa tena kinyago,
nikaikata fremu katikati.

Nakiri, mkono ulisita.
Meli ina wakaguzi, ina mihuri, ina bima.
Bomba hili, unene wa kidole gumba changu,
lingebeba mifupa niliyoibeba mimi.
Nikaongeza sentimita kumi na moja.
Nikachomelea upande, nikaacha upoe, nikageukia wa pili,
nikasugua kwa tupa, nikagonga kwa nyundo, nikatega sikio.
Chuma kilichopona hulia kengele,
kinachodanganya hulia kopo.
Kikalia kengele.

Otso, miaka minne, ndiye aliyeshika tochi,
akimulika kila kitu isipokuwa nilichokishika.
Boliti aliziweka kwenye kopo la aiskrimu,
nati akazitia mfukoni, mbili hatujaziona hadi leo.
Klachi ilikuja kwa posta, barafu imeganda kwenye kisanduku.
Breki ya diski tuliirithi kwa pikipiki iliyokufa.
Mnyororo ulizidi pingili moja,
na pingili hiyo moja ilitugombanisha Jumamosi nzima.

Kisha Kielo akauliza habari za gavana.
Si yule wa mkoa, mwenye tai na msafara;
huyu ni springi na kipande cha waya,
amekaa kando ya kabureta kama shangazi kwenye sherehe:
injini ikianza kupayuka, anaifinya sikio.
“Mtoe,” akasema. “Wote wamemtoa.”
Wote ni nani?
Akataja mmoja.

Nilimtoa mbele ya macho yake.
Usiku, amelala, nikamrudisha,
nikamsitiri nyuma ya chujio la hewa,
mimi, mwongo mwenye oili katika kucha zote kumi.

Mei, theluji ikaacha kiwanja cha nyuma ya kwa Reijo
kikiwa matope na vumbi la mbao.
Kielo akazunguka mara moja. Mara mbili.
Mara ya tatu akakanyaga mafuta mpaka mwisho,
nikasikia injini ikipanda, ikipanda,
kisha ikashikwa.
Naye akasikia.

Akazima. Akashuka. Akafungua chujio bila kuniangalia.
Koleo lilikuwa mfukoni mwake, sijui tangu lini.
Nilitayarisha maneno: shingo, mti, hospitali.
Yeye akainama muda mrefu,
kisha mkono ukazunguka, taratibu, kuelekea kulia.

Kulia ni kukaza.

“Alikuwa amelegea,” akasema. “Otso ndiye anayefuata.”

Otso alikwisha kukaa. Sentimita zangu kumi na moja
zilikuwa zimempeleka mbali na pedali,
miguu inaning'inia hewani kama soksi kwenye kamba.
Dada yake akaokota vipande viwili vya mbao za Reijo,
akavifunga kwenye pedali kwa mkanda mweusi,
akajaribu, akafungua, akafunga upya.
Mimi nilisimama na spana mkononi,
hakuna aliyeniomba.

Otso akashika usukani
akaanza kunguruma kwa mdomo.