Bei ya Stempu

Kaunta ilikuwa ikimfika puani
alipoleta barua yake ya kwanza, ya kuagiza kisu cha mfukoni
kutoka duka moja la Dunedin. Alihesabu senti mara mbili.
"Bi Tulloch," akaniuliza, "mbona stempu ni bei moja
kwenda kwa jirani na kwenda mwisho wa nchi?"
Nikamjibu ndivyo serikali ilivyopanga.
Hakuridhika. Ewart Strachan hakuwahi kuridhika
na jibu lenye neno serikali ndani yake.

Baba yake alifuga kondoo elfu mbili kwenye kilima cha upepo,
na kila mwaka hundi ya ruzuku ilipita mkononi mwangu,
bahasha ya kahawia, kidirisha cha karatasi ang'avu.
Mzee aliipasua kwa kisu cha kukatia kwato
akasema yaleyale: "Wananilipa nifuge
kondoo wasiotakiwa na mtu."
Mtoto yuko mlangoni, anasikia.

Akaenda chuo, akarudi na tai
na ubao. Naam, ubao: aliufunga kwenye trela
akazunguka nao minadani, akichora mistari miwili,
mmoja unapanda, mmoja unashuka,
na wakata manyoya, mikono ingali inang'aa mafuta ya sufu,
wakamsikiliza kama wasikilizavyo utabiri wa mvua.
Hakutudanganya. Hilo nitamsemea hata kaburini.
Alisema, "Itauma." Tukapiga makofi.
Mkuki ulikuwa mtamu,
maana kila mmoja alijua nguruwe ni mwenzake.

Wizara ya Fedha aliipata na miaka arobaini na mmoja.
Mwaka wa kwanza akakata ruzuku. Wa pili
akauza reli, akauza misitu, akaiachia sarafu yetu
ielee yenyewe, kama bata aliyesukumwa bwawani.
Wellington walimwita Shoka.
Huku tuliendelea kumwita Ewart.

McQuarrie alichimba shimo nyuma ya banda
akawapiga risasi kondoo jike mia tatu,
kwa kuwa lori la kuwapeleka machinjioni liliwazidi bei.
Jioni alikuja kununua stempu, ananuka baruti na chokaa.
Hatukusemezana.
Ngaire Potae na mumewe wa karakana ya reli
walihamia Brisbane na watoto watano,
na shule ikabaki na mwalimu mmoja na kengele.

Kisha ikaja barua, nikaichambua mwenyewe.
Posta ndogo mia kadhaa zifungwe; yetu ukurasa wa tatu.
Chini, kwa wino: *Bi Tulloch, hesabu zimekataa. E.S.*
Mawaziri hutuma barua bure.
Yeye alikuwa amebandika stempu.

Sitasema uongo: mtoto wa McQuarrie leo ana zabibu
pale penye shimo, na mvinyo wake unapanda ndege.
Nao wakulima waliomzomea Ewart hadi akakosa kiti
kwa kura mia nne na kumi
leo ukiwapa ile hundi ya kahawia watakutemea mate.
Ngaire hakurudi. Vyote viwili ni kweli,
na mimi nimezeeka sana kuvipimia mizani.

Posta sasa ni mgahawa. Kaunta wameiacha, watalii huipiga picha.
Alhamisi Ewart hushuka kutoka kilimani, magoti mabovu,
tunakunywa chai upande uliokuwa wa wateja.
Barua ya kwenda kwa jirani, nikamwambia,
siku hizi hupitia kwanza Christchurch.
Akacheka, akachomoa penseli,
akachora mistari yake juu ya karatasi ya kufutia mikono.
Ikakutana palepale.

"Na mji huu," nikamuuliza, "uko wapi humu?"

Hakukasirika. Alitafuta kwa dhati,
kidole kikipanda, kikishuka,
hata chai ikashika utando.