Uzito wa Mguu wa Kushoto

Kuteleza si kuanguka. Sawa.
Mimi sikupata hata nafasi ya kuteleza:
ngazi za ghorofa ya tisa, zimepanguswa sasa hivi
na kijana wa Cebu anayeipenda kazi yake,
nami nikaponyoka kama sahani mkononi mwa mtoto.
Nyonga ilitamka neno moja tu, kavu,
kama kuni ya msonobari.

Nimeendesha tramu Porto miaka thelathini na mmoja.
Sikuwahi kumwangusha abiria.

Deolinda alikuja mbio, taulo begani, kiatu kimoja.
Hakulia. Aliuliza ni saa ngapi.
Ndivyo alivyo huyu: msiba ukibisha hodi,
yeye hutazama saa, aje kuusimulia vizuri.

Wakanishusha hadi ghorofa isiyomo katika ramani ya wageni.
Zahanati haina dirisha. Daktari Ilze
alishika mkasi akakata suruali yangu ya kitani,
mpya, ya safari,
nikapiga ukelele kwa ajili ya suruali
maana mfupa ulikuwa umenipita kimo.

Juu ya dari watu walikuwa wakifundishwa rumba.
Moja, mbili, tatu, geuka.
Kila kisigino kilishuka hadi pajani mwangu.
Usiku kucha niliwachukia wenye magoti,
kisha, karibu na alfajiri, niliwachoka tu.

Tulikuwa tumelipia milima.
Miaka miwili, sarafu kwa sarafu, kopo la biskuti.
Basi milima ya Norwei nimeiona hivi:
chali, kwenye machela, mlango wa gari ukifungwa,
ubavu wa jiwe, na theluji kidogo pembeni
kama povu la kunyolea lililosahauliwa sikioni.

Meli ikaondoka saa kumi na moja jioni.
Ilipiga honi mara tatu. Kwa adabu.
Katika chumba chetu, kitanda kilitandikwa
na taulo likakunjwa umbo la bata, nina hakika,
kwa watu wasiokuwepo.

Deolinda kwenye simu, siku ya pili, na watu wa bima:
"Hapana, si mzigo. Ni mume.
Hapana. Hakukusudia."
Akanyamaza, akanitazama, akaongeza:
"Subiri nimuulize."
Tukacheka hadi muuguzi akaja kupima presha.

Hujafa hujaumbika; mimi nimeumbwa upya
kwa skrubu tatu na chuma kilichotoka Ujerumani.
Kitanda cha jirani alilala Oddvar,
aliyeanguka kutoka paa la banda la mashua yake.
Hatukuwa na lugha. Alinikatia jibini ya kahawia,
tamu, kama sabuni iliyotubu,
nikala yote, kwa kuwa alikuwa amejinyoosha kunipa
na najua sasa kujinyoosha kunagharimu nini.

Siku ya nne Solfrid alileta fremu ya kutembelea.
"Hatua tatu," akaonyesha vidole.
Mguu ulikuwa wa mtu mwingine,
mtu mzito, mkaidi, asiye na tiketi.
Nikafanya nilichojua kufanya:
nikaupigia kengele.
Hatua ya kwanza, Infante. Ya pili, Alfândega.
Massarelos niliona giza, nikaomba kushuka.
Kesho yake tulifika hadi mlangoni, kwa kuchelewa,
na hakuna abiria aliyelalamika.

Siwaambii kwamba nimepona.
Mvua ikikaribia, natangulia kujua.
Ngazi za kanisani nazipanda kama mwizi, upande upande,
na usiku mwingine rumba inarudi
nami nahesabu hadi iishe.

Mwezi Novemba kampuni ilituma bahasha.
Picha ya siku ya kupanda meli, na hati ya malipo.
Deolinda alilipa, akanung'unika, akaibandika kwenye friji.
Tumesimama sisi wawili, kofia mpya, macho yamefinywa na jua,
na mimi, mtazameni,
nimeutupia mguu wa kushoto uzito wangu wote
bila hata kuuliza.