Kichupa Kisicho na Jina

Brest, saa tisa usiku. Mvua inakwaruza dirisha.
Kitanda cha saba: Goulven Le Bihan, fundi wa mapaa.
Kigae kilimchana kidole, akakifunga kitambaa, akaendelea.
Sumu ikapanda damuni bila kubisha hodi,
na sasa shinikizo lake la damu linateremka ngazi,
dripu zikimshika ukosi.

Mkewe ndiye aliyetia sahihi.
Aliniuliza mara mbili: "Ni dawa, au ni maji?"
Sijui, Azenor. Daktari naye hajui.
Inayojua ni kompyuta huko Rennes,
nayo imefumba mdomo.

Kila baada ya saa sita namdunga mshipani.
Asubuhi nasaga kidonge, kidogo kuliko punje ya mtama,
nakipitisha kwenye mrija wa puani.
Huenda ni steroidi mbili, mikono inayooshana.
Huenda ni chumvi na unga.
Mikono yangu mimi haitakiwi kujua ilichobeba.

Nimejifunza kutoomba dua kazini.
Lakini alfajiri hii nimepunguza noradrenalini,
nukta mbili,
na moyo wake haukulalamika.
Ni kidonge? Ni antibiotiki? Ni ukaidi
wa mtu aliyezoea kusimama palipoinama?
Fomu haina nafasi ya maswali. Nimejaza namba.

Siku ya tisini mtu atapiga simu nyumbani kwenu
kuuliza neno moja tu: yu hai?

Naomba, Azenor,
simu hiyo usiipokee wewe.